Kuingiza pembe kwenye AutoCAD: mwongozo kamili kwa anayeanza kuchora

Ukiandika @30<62.5, AutoCAD (programu ya kuchorea michoro ya ujenzi na uhandisi) itachora mstari wenye urefu wa 30 bila kukuuliza kitu. Lakini 62.5 peke yake haijatosha kuwa pembe. Imepimwa kuanzia wapi? Inazunguka kuelekea upande gani? Ni nyuzi, gradi au radiani? Programu ina majibu yake tayari kwa maswali hayo matatu, na wewe unayo yako kichwani. Yakitofautiana, mchoro unatoka safi kabisa, wenye mistari iliyonyooka na urefu sahihi, ila umeelekea kusiko.

Mwongozo huu unafuata AutoCAD kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini. Anayetumia LibreCAD, ambayo ni ya bure, ataona uandishi wa @ na < ni uleule.

Sifuri iko mashariki

Mchoro mpya wa AutoCAD unafuata kawaida ya hesabu za shuleni. Nyuzi 0 iko kulia, yaani mashariki. Pembe inakua kinyume cha mwendo wa saa: juu (kaskazini) ni 90, kushoto (magharibi) ni 180, chini (kusini) ni 270. Namba hasi inazunguka kufuata saa, kwa hiyo -90 na 270 ni kitu kimoja, sawa na -25 na 335.

Jambo linalowasumbua wengi wiki ya kwanza ni kwamba pembe ya mstari hutegemea unakoanzia. Mstari uleule ukichorwa kutoka A kwenda B una nyuzi 25, na ukichorwa kutoka B kwenda A una 205. Tofauti ni 180 daima. Ndiyo maana kabla ya kuandika namba, weka kidole kwenye nukta unayoanzia, tazama kulia kwake, kisha hesabu ukizunguka kwenda juu.

Kagua mipangilio kabla ya mstari wa kwanza

1. Andika UNITS kisha Enter. Dirisha litafunguka.
2. Sehemu ya Angle, kwenye Type, chagua Decimal Degrees kwa kazi za kawaida za majengo.
3. Kwenye Precision iliyo chini yake, usiache 0. Chagua angalau desimali mbili. Mchoro mpya kwa kawaida huja na pembe isiyo na desimali hata moja, kwa hiyo mstari wa nyuzi 27.5 utaonyeshwa kuwa 28. Ndani ya faili bado ni 27.5, kinachokadiriwa ni maonyesho tu. Lakini anayesoma 28 na kuinakili kwenye karatasi amekwisha kosea.
4. Hakikisha kisanduku cha Clockwise hakina tiki.
5. Bonyeza Direction, uone kwamba East ndiyo iliyochaguliwa. Kisha OK.

Ukaguzi huu ni wa lazima hasa kwenye faili uliyopewa na mtu mwingine, kwa sababu mipangilio hiyo huhifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe. Ipo njia ya mkato: anza amri ya ROTATE, chagua kitu chochote, kisha soma mstari wa amri. Utaona ANGDIR=counterclockwise na ANGBASE=0. Ukikuta maneno mengine, mwenye faili alibadilisha mwelekeo au sifuri, na namba zako zote zitakwenda kwingine. Bonyeza Esc, rekebisha, ndipo uendelee.

Kitu cha tatu kinachosogeza sifuri ni UCS, yaani mfumo wa mihimili unaotumika wakati huo. Pembe hupimwa kutoka mhimili wa X wa UCS ya sasa. Kama mwenzako aliizungusha ili achore jengo lililokaa mshazari, mashariki ya mchoro si mashariki tena. Andika UCS, Enter, kisha W, Enter, na mihimili inarudi mahali pake.

Njia nne za kuandika pembe

Ya kwanza, na ya kuizoea kabla ya nyingine, ni urefu na pembe kwa pamoja. Anza LINE, bofya nukta ya kwanza, kisha andika @5000<25 na Enter. Alama @ maana yake ni "kutoka nukta ya mwisho", na alama < ndiyo inayotenganisha urefu na pembe. Usiweke nafasi popote katikati. Kwenye AutoCAD kitufe cha nafasi ni sawa na Enter, kwa hiyo ukiandika @5000 kisha ukaacha nafasi, amri imeshapokelewa kabla hujafika kwenye pembe.

Ya pili ni kufunga mwelekeo peke yake. Andika <25 bila urefu, Enter, na kishale kitateleza juu ya mstari wa nyuzi 25 tu. Kisha unaandika urefu au unabofya mbali kidogo ili ukate baadaye kwa TRIM. Kufunga huku kunashinda Ortho (hali inayobana kishale kiende wima au mlalo tu) na kunadumu kwa nukta moja tu. Hii ndiyo njia nzuri unapojua mwelekeo ila hujui mstari utaishia wapi, jambo ambalo kwenye mapaa hutokea kila mara.

Ya tatu ni visanduku vinavyotembea na kishale, vinavyoitwa Dynamic Input. Unaandika urefu, unabonyeza Tab, unaandika pembe, Enter. Inavutia kwa wepesi wake, lakini ina tabia mbili za kuziangalia.

Tabia ya kwanza: kisanduku cha pembe hakionyeshi zaidi ya 180. Pembe ya 270 utaiona imeandikwa 90. Upande wa kwenda unaamuliwa na mahali kishale kilipo, hivyo ukiandika 25 huku kishale kiko chini ya usawa wa nukta ya kwanza, mstari utashuka nyuzi 25 badala ya kupanda. Weka kwanza kishale upande unaoutaka, ndipo uandike.

Tabia ya pili inaleta ubishi kati ya watu wawili wanaofuata maelekezo yaleyale. Dynamic Input ikiwa imewashwa, 5000<25 bila @ inahesabiwa kutoka nukta ya mwisho. Ikizimwa, 5000<25 bila @ inahesabiwa kutoka 0,0, na mstari unakimbilia pembeni kusikojulikana. Kitufe cha F12 ndicho kinachowasha na kuzima. Ukijizoesha kuandika @ kila mara, hutajali kompyuta uliyokalia imewekwaje. Ukitaka kuhesabu kutoka 0,0 huku Dynamic Input imewashwa, tanguliza #.

Ya nne ni Polar Tracking, F10. Unachagua hatua ya pembe, mfano 15 au 30, na kishale kinapokaribia pembe hizo mstari wa nukta unatokea. Hapo unaandika urefu tu. Bofya kulia kwenye alama yake, chagua Tracking Settings, na uongeze pembe za kazi yako kwenye Additional angles. Humohumo kuna chaguo la Relative to last segment, ambalo hupima pembe kutoka kipande cha mwisho ulichochora badala ya mashariki, na linafaa kwa barabara au mabomba yanayopinda. Ukiwasha Polar, Ortho ya F8 inazimika, na kinyume chake. Kumbuka pia kwamba Ortho inabana mkono wako kwenye kipanya tu: ukiandika @5000<25 ikiwa imewashwa, mstari utakwenda nyuzi 25 kama kawaida.

Kiwanja: pembe za mpima si pembe za AutoCAD

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Mpima ardhi anapokupa beringi, anapima kutoka kaskazini kwa kufuata mwendo wa saa. Sifuri yake ni tofauti na ya AutoCAD, na mzunguko wake pia ni tofauti. Namba ya kuandika unaipata hivi:

pembe ya AutoCAD = 90 − beringi

Jibu likiwa hasi, ongeza 360. Tuchukue kiwanja cha mita 30 kwa 20, mchoro uko kwa mita:

- A hadi B: beringi 62°30′, mita 30. Pembe ni 27.5.
- B hadi C: beringi 152°30′, mita 20. Pembe ni 297.5.
- C hadi D: beringi 242°30′, mita 30. Pembe ni 207.5.
- D hadi A: beringi 332°30′, mita 20. Pembe ni 117.5.

Chora kwa hatua hizi:

1. LINE, Enter. Kwa nukta A andika 1000,1000 na Enter. Kwenye kazi halisi utaweka koodineti za bikoni (alama ya kona ya kiwanja) yenyewe, ukitanguliza ya mashariki ndipo ya kaskazini, kwa sababu X ya AutoCAD inakwenda kulia.
2. @30<27.5 Enter.
3. @20<297.5 Enter.
4. @30<207.5 Enter.
5. @20<117.5 Enter, kisha Enter tena kumaliza.

Hatua ya tano wengi huiruka na kuandika C ili AutoCAD ifunge umbo yenyewe. Usifanye hivyo. C itaunganisha D na A hata kama umekosea mita tatu njiani, na kosa litamezwa na upande wa mwisho. Upande wa nne ukiuandika mwenyewe, ncha yake ikaangukia A, angalau unajua namba ulizoingiza zinakubaliana.

Zinakubaliana, lakini je, ni sahihi? Jaribu kuandika beringi zilezile bila kuzigeuza: 62.5, 152.5, 242.5, 332.5. Umbo litafunga vilevile, urefu wote sawa, kona zote nyuzi 90. Ila mashariki na kaskazini zimebadilishana nafasi, na kiwanja kimegeuka kama sura kwenye kioo. B inayotakiwa kuwa 1026.610,1013.852 itakuwa 1013.852,1026.610, yaani imehama karibu mita 18. Kiwanja kikiwa mstatili, jicho halitashtuka. Kikiwa na pande zisizolingana ni kibaya zaidi, maana umbo lililogeuka kioo huwezi kulirudisha kwa kulizungusha. Kwa hiyo baada ya kufunga, andika ID, bofya ncha ya B, na ulinganishe na hesabu ya pembeni: mashariki inaongezeka kwa urefu × sin ya beringi, kaskazini kwa urefu × cos ya beringi. Ukifanya hesabu hiyo kwenye Excel, andika SIN(RADIANS(62.5)). SIN(62.5) peke yake inachukulia umeipa radiani, na jibu lake halina maana yoyote kwako.

Zipo njia mbili za kukwepa hesabu ya 90 − beringi kila mara. Moja ni kuchagua Surveyor's Units kwenye UNITS, ukiacha East na mzunguko wa kawaida. Hapo unaandika kwa robo za dira: @30<N62d30'E, @20<S27d30'E, @30<S62d30'W, @20<N27d30'W. Pembe haizidi 90 kwa sababu inapimwa kutoka kaskazini au kusini, ipi iliyo karibu. Njia hii ni safi na hailetei wengine madhara.

Nyingine ni kuweka North kuwa sifuri na kutia tiki Clockwise, kisha kuandika beringi zilivyo. Inafanya kazi, lakini kuanzia hapo faili nzima inafikiri hivyo. Ukitumia ROTATE na kuandika 90, kitu kitageuka kwa mwendo wa saa. Atakayepokea faili hiyo ili achore nyumba juu yake hatajua kilichompata. Ukiichagua, rudisha East na ondoa tiki kabla ya kuituma.

Dakika na sekunde

62°30′ si 62.30. Kosa hili ni dogo kwa macho, la gharama kwa ardhi: tofauti ya nyuzi 0.2 kwenye mstari wa mita 30 inasogeza ncha sentimita 10.5, na kwenye mita 100 karibu sentimita 35. Ukuta wa uzio unaweza kuingia kwa jirani kwa namna hiyo.

Kugeuza, gawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, kisha jumlisha. 47°18′36″ ni 47 + 0.3 + 0.01, yaani 47.31. Au usigeuze, uandike 47d18'36" moja kwa moja. Herufi d inachukua nafasi ya alama ya nyuzi, kinukta kimoja cha juu ni dakika, viwili ni sekunde. Viandike kwa kibodi palepale. Ukinakili kutoka Word au ujumbe wa simu, alama hizo mara nyingi huja zimepinda na programu huzikataa.

Aliyesoma kwa Kifaransa, kule Bujumbura au Lubumbashi, ana mitego yake miwili. Amezoea kuandika desimali kwa mkato, 27,5, na AutoCAD inausoma mkato kama kitenganishi cha X na Y. Tumia nukta. Pia vifaa vya upimaji vinaweza kuwa vimewekwa kwa gradi, ambapo mzunguko mzima ni 400 na pembe mraba ni 100. Gradi 69.4444 ndizo nyuzi 62.5. Ukiwa na namba za gradi, malizia kwa g, mfano 100g. Radiani humalizia kwa r.

Paa la nyuzi 25

Nyumba ina upana wa mm 8000 na upenu wa mm 600 kila upande. Mchoro uko kwa milimita.

Anza LINE kwenye kichwa cha ukuta wa kushoto. Andika <25, Enter, bofya mbali kupita katikati ya nyumba. Nenda kwenye kichwa cha ukuta wa kulia, LINE tena, safari hii <155, kwa sababu 180 − 25 = 155. Anayeandika <-25 hapo anaweza kupata mstari unaoshuka nje ya nyumba. Mistari miwili inapokutana ndiyo mgongo wa paa. Kata masalia kwa TRIM au tumia FILLET yenye Radius 0, inayounganisha mistari miwili kwenye kona kali.

Pima sasa. Mgongo uwe mm 1865 juu ya kichwa cha ukuta, na mshazari wa kila upande mm 4414 hivi. Upenu wa kushoto unaanza palepale ukutani na kushuka: @662<205, kwa sababu 600 gawa kwa cos 25 ni 662. Wa kulia ni @662<335. Kosa la kawaida hapa ni kuandika 600 kama urefu wa mshazari. Upenu utakuwa mfupi, mm 544 tu ukipima kwa usawa, na fundi atakayeagiza mabati kwa mchoro huo atapungukiwa pande zote.

Mteremko ukitolewa kwa uwiano au asilimia

Usiugeuze kuwa pembe. Njia ya mteremko ya 1:12 kwa kiti cha magurudumu ina nyuzi 4.7636 na mkia mrefu wa desimali. Ukiikadiria kuwa 5, kwenye mita 12 utapanda mm 1050 badala ya 1000. Andika @12000,1000 na umemaliza.

Bomba la maji taka la asilimia 2 kwa mita 5 ni @5000,-100. Kuna wanaosoma asilimia 2 wakaandika nyuzi 2. Huo ni mm 175 za kushuka, karibu mara mbili ya kilichotakiwa, na shimo la ukaguzi lililoko mwisho halitakutana na bomba.

Kuzungusha bila kujua pembe

Ramani iliyoskaniwa imekaa mshazari kidogo na unataka ukuta wake ulale sawa. Usikadirie 1.3 ukaona haitoshi, ukaongeza 0.2. Andika RO (kifupi cha ROTATE), Enter, chagua picha, Enter, bofya nukta ya msingi kwenye kona ya ukuta. Kisha R, Enter. Bofya kona ileile, halafu ncha ya pili ya ukuta huohuo, na AutoCAD inapima pembe iliyopo yenyewe. Ikikuuliza pembe mpya, andika 0. Kadiri nukta mbili zinavyokuwa mbali, ndivyo kosa la mkono linavyopungua, kwa hiyo chagua ukuta mrefu kuliko yote.

Kukagua ulichochora

LI (LIST) kwenye mstari inatoa urefu na pembe yake. DI (DIST) kati ya nukta mbili inatoa vilevile, ila kumbuka inafuata mpangilio wa kubofya: ukianza upande wa pili utaona tofauti ya 180, na hapo hakuna kosa.

Vipimo vya pembe vinavyoandikwa kwenye mchoro, vya DIMANGULAR, havifuati UNITS. Vina mipangilio yake kwenye mtindo wa vipimo. Unaweza kuwa umeweka nyuzi, dakika na sekunde kwenye UNITS huku kipimo kinaandika 63° kwenye kona ya 62°30′. Andika DIMSTYLE, chagua Modify, kisha Primary Units, na kwenye Angular dimensions weka Units Format na Precision zinazolingana na kazi. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha, kwa kuwa kwenye eneo la ujenzi fundi haoni faili yako, anasoma namba iliyo kwenye karatasi.